Kabla hujamsukia shoga yako kapu, nisikilize kwanza

Mwaka jana nilijitia ufundi wa ukili, ule utepe wa majani yaliyosukwa unaoshonewa makapu na mikeka. Shoga yangu wa Shangani, hapa Mtwara, alikuwa anatimiza miaka 30 mwezi wa kumi na moja, nami siku kumi kabla nikaamua kwamba safari hii siendi dukani. Nitamsukia kapu la sokoni kwa mkono wangu. Nikanunua miyaa, yaani majani ya kusukia, na rangi ya zambarau, nikaichemsha kwenye sufuria ambayo mpaka leo mama hataki ipikiwe wali.

Jirani yetu, bibi mmoja anayesuka huku anapiga soga bila hata kutazama vidole, alinionya mapema: miyaa lowanisha, ukisuka mikavu itakukatikia. Nikalowanisha. Siku ya nane nilikuwa na ukili usiozidi urefu wa mkono wangu, huku umepanuka, kule umebana, kama chatu aliyemeza mbuzi. Na kapu linataka ukili wa pima kadhaa, ndipo uanze kuuzungusha na kuushona. Bibi akaushika, akaugeuza, akasema, "Mwanangu, huu utakufaa kufungia kuni."

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwa anayetaka kumpa mwenzake zawadi ya mkono ni huu: usiitumie bethidei ya mtu kujifunzia kazi. Jiulize ni kitu gani chako watu hukisifia bila kuombwa. Kama mkono wako ni wa hina, nenda kamchore hina. Kama unasuka nywele, msuke, tena mtindo ule unaokula mchana mzima. Mimi kwangu ni kashata, na siku mbili zilizobaki nilikimbilia huko.

Kwa sisi wa Mtwara kashata ya korosho haina ugeni, lakini ya zawadi ina masharti yake. Nunua korosho zilizokwisha banguliwa. Ukipewa za shamba zenye maganda, usijaribu kuzichoma jikoni kwako; mafuta ya lile ganda yanaunguza ngozi, na moshi wake ni balaa. Mimi napima vikombe viwili vya korosho kwa kikombe kimoja na nusu cha sukari. Korosho nazikaanga kidogo na kuziacha karibu na jiko zisipoe, kwa sababu ukizimwaga za baridi kwenye sukari iliyoyeyuka, sukari inashikana papo hapo na unabaki na jiwe. Sukari inayeyushwa kavu, bila maji, kwa moto mdogo, mpaka iwe rangi ya asali. Ikipita hapo inakuwa chungu, na hakuna hiliki itakayokuokoa. Tia korosho na hiliki, geuza haraka, mwaga kwenye sinia lililopakwa mafuta, usawazishe. Kata ikiwa bado ina moto, kwa kisu kilichopakwa mafuta. Ukisema ngoja nipokee simu kwanza, utakata kwa nyundo.

Halafu kuna unyevu wa pwani, ambao wengi tunausahau. Kashata ukiiacha wazi usiku mmoja, hasa mvua zikishaanza, asubuhi inanata kama gundi. Nilishawahi kumpelekea mtu kashata kwenye mfuko wa karatasi uliofungwa utepe mzuri kabisa. Alipofungua, mfuko na kashata vilikuwa kitu kimoja. Sasa natumia chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana, iliyokaushwa juani, na kashata naziacha zipoe kabisa kabla ya kufunika. Na uliza kwa ujanja kama mtu wako anakula korosho. Wapo wanaovimba midomo.

Chupa ya jemu peke yake haipendezi, hapo ndipo kanga inapoingia. Katika doti moja unapata kipande cha kuvaa mwenyewe na kingine cha kazi. Nilimshonea foronya mbili, na kipande kilichobaki nikafunikia chupa. Kanga mpya ifue kwanza, maana ina wanga, rangi inachuja na kitambaa kinarudi. Usipofua, foronya itakataa mto baada ya kufuliwa mara moja. Kisha, kabla hujaweka mkasi, tandaza kanga uangalie jina lake, yale maneno yaliyoandikwa, liko wapi. Mimi sikuangalia. Kanga yangu ilisema "Usisafirie nyota ya mwenzio", nami nikaikata palepale mwanzoni. Foronya moja ikabaki na "safirie nyota ya mwenzio", zawadi ya kumpa rafiki yako kipenzi! Nililigeuzia jina upande wa chini na kujifanya ndivyo nilivyokusudia.

Kama unafanya haya ili kubana matumizi, piga hesabu mapema. Korosho hata huku zinakotoka si bei ya karanga, na ukijumlisha sukari, mkaa, doti na cherehani ya kuazima, unaweza kukuta saa ya ukutani ya dukani ilikuwa nafuu. Mimi naona inafaa kwa sababu nyingine: yule bibi alikuja kuonja masazo ya kwenye sinia, mama akasahau sufuria yake kwa muda, na mwenye siku yake alitafuna kashata tatu kabla hajasema asante.

Foronya alilala nayo wiki nzima ndipo akanipigia simu saa nne usiku. "Shoga, hivi huku chini umeniandika nini?"

Tulicheka mpaka salio likakatika. Chupa aliirudisha Jumamosi, na kama ilivyo desturi hakuirudisha tupu: alitia achari ya embe, kali ya kutoa machozi. Ukili wangu nao upo, umefunga mzigo wa kuni nyuma ya jiko.