LSAT ukiwa Lamu: anza na daftari la makosa

Mdogo wangu, umeuliza: kwa kuwa unapata 151 kwenye mazoezi ya LSAT, mtihani wa kuingia vyuo vya sheria Marekani, nawe unashinda dukani Langoni mpaka isha, je, uachane na ndoto ya kusomea sheria huko? Usiache. Alama huanzia 120 hadi 180, na miezi mitatu uliyo nayo si haba.

Kwanza, kile kitabu cha mafumbo ya mantiki ulichoazima, kirudishe. Sehemu hiyo iliondolewa Agosti 2024. Siku hizi kuna sehemu mbili za kupima hoja na moja ya ufahamu, dakika 35 kila moja, pamoja na nyingine isiyohesabiwa, ila hutajua ni ipi.

Unasema hoja ndizo zinazokuangusha. Chukua hii: kila nahodha wa Shela anaujua mkondo, Athmani anaujua mkondo, basi Athmani ni nahodha. Yaingia vizuri masikioni, sivyo? Lakini hata mvuvi anaujua. Kabla hujatazama majibu, sema kwa maneno yako pengo liko wapi. Ukikosa, andika daftarini kwa nini jibu lile lilikuvuta. Kazi ya kuchosha, lakini alama ziko hapo, si kwenye kurundika mitihani kila siku. Mmoja kwa wiki, ukijipima muda, watosha.

Jibu lisilo sahihi halikupunguzii alama, kwa hiyo usiache swali tupu. Baadhi ya mitihani ya zamani iko bure kwenye LawHub, tovuti ya waandaaji wa LSAT. Ifanye alfajiri, kabla hujafungua duka, na simu mpe mama akuwekee.