Kisulisuli cha maji kikikaribia pwani: majibu ya maswali yenu

Kila video ya kisulisuli cha maji, yaani safu ya upepo unaozunguka kutoka wingu hadi baharini, inaposambaa, maswali hufuata. Haya ndiyo yaliyojirudia zaidi. Mawili nimeyaunganisha kwa kuwa yanaelekea mahali pamoja.

*Ule mkia unaoshuka kutoka wingu hadi baharini, ni maji yanayonyonywa kwenda juu?*

Hapana, ni wingu. Katikati ya mzunguko mgandamizo wa hewa hushuka, hewa inapoa, na mvuke uliomo hugeuka vitone vidogo sana. Vitone hivyo ndivyo tunavyoviona kama bomba. Maji ya chumvi yako chini kabisa, pale upepo unapoyachapa na kuyarusha manyunyu pande zote.

*Je, kuna dalili kabla hakijaonekana? Nina boti ndogo na sipendi kushtukizwa.*

Zipo, ila macho yetu hutazama pasipo. Watu wengi hukodolea wingu wakisubiri mkia ushuke, kumbe habari inaanzia majini.

Mtaalamu wa hali ya hewa Joseph Golden alivifuatilia kwa ndege visulisuli vya Florida Keys, visiwa vya kusini mwa Marekani, na mwaka 1974 akaeleza hatua 5 za maisha ya kisulisuli. Kwanza hutokea doa jeusi la duara juu ya maji. Pili, mistari ya maji meusi na meupe hujizungusha kulizunguka doa. Tatu, manyunyu huinuka yakiwa pete. Nne, kisulisuli hukomaa, mkia ukawa mrefu kuliko wakati wowote. Mwisho hewa baridi, mara nyingi ya mvua iliyo jirani, huingia chini na kukikata. Yote hayo huweza kumalizika ndani ya dakika 20, wakati mwingine chini ya hapo.

Kwa hiyo mkia unapoonekana vizuri, upepo umekwisha kuwa majini kwa muda. Ukiona duara jeusi lisilo kivuli cha wingu, au manyunyu yanayozunguka peke yake, usingoje uthibitisho kutoka juu. Na siku za kushuku ni zile ambazo wengi wangeziita nzuri: upepo mdogo, maji ya vuguvugu, mawingu marefu yaliyojipanga mstari yakiwa na matumbo bapa na meusi.

Hivyo ni visulisuli vipole. Vipo vingine vinavyozaliwa ndani ya dhoruba kali ya radi, vikiandamana na mvua ya mawe na upepo mzito. Hizo ni tornado kamili, kama zile visulisuli vikali vya nchi kavu, ila ziko juu ya maji, na hazina upole wowote.

*Mbona kikiwa baharini watu wanapiga picha, kikigusa ufukwe linatolewa onyo la tornado?*

Kwa sababu waliomo njiani wamebadilika. Kwa fizikia, safu ya hewa inayozunguka kwa nguvu kutoka wingu hadi chini ni tornado, iwe juu ya maji au juu ya mchanga. Nchini Marekani, kikiwa majini idara ya hali ya hewa hutoa onyo maalumu kwa vyombo vya baharini. Kikielekea nchi kavu, linakuja onyo la tornado kwa wakazi, na kikitua huandikwa kuwa tornado.

Vingi vya vile vipole hufifia mara tu vikifika nchi kavu, maana vimeacha maji ya vuguvugu yaliyovilisha. Lakini "mara tu" inatosha kwa ufukwe uliojaa watu. Ngazi ya chini kabisa ya kipimo cha tornado cha Marekani, EF0, huanzia upepo wa kilomita 105 kwa saa. Mwavuli wa ufukweni wenye mti uliochongoka ukirushwa kwa kasi hiyo si mwavuli tena.

*Onyo lilitoka, dakika 10 baadaye hakuna kitu. Walitutisha bure? Na mbona rada haikukiona mapema?*

Hawakutisha bure. Rada hurusha mwali wake ukiwa umeinuka kidogo, na dunia nayo inajikunja chini yake. Umbali wa kilomita 100, mwali ulioinuka nusu digrii uko kama kilomita moja na nusu juu ya bahari. Kisulisuli chembamba kinachoanzia majini hupita chini yake bila kuonekana. Ndiyo maana maonyo mengi ya aina hii hutokana na mtu aliyekiona na kupiga simu: nahodha, mlinzi wa ufukwe, rubani. Mtabiri akipata simu hiyo ana dakika chache tu. Akisubiri kujua kama kitakufa chenyewe, onyo litafika kimekwisha kutua. Mimi ningechagua kusumbuliwa bure mara nyingi.

*Kuna tofauti gani kati ya tahadhari na onyo?*

Kwa utaratibu wa Marekani, tahadhari ni kwamba hali inaruhusu tornado kutokea; fuatilia. Onyo ni kwamba imeonekana au rada imeionyesha. Ingia ndani sasa, chumba cha chini, mbali na madirisha. Hema la ufukweni si ndani.

*Ni kweli mabaharia wa zamani walikipiga mizinga?*

Walipiga, wakiamini kitavunjika. Hakuna sababu ya kuamini kuwa iliwahi kusaidia.

*Kinaweza kuzamisha meli?*

Chombo kidogo, ndiyo, bila shida. Kwa vikubwa, tusiwe wepesi wa kukilaumu. Boti ya kifahari Bayesian ilipozama karibu na Porticello, Sicily, tarehe 19 Agosti 2024, na watu 7 wakafa, habari za mwanzo zilitaja kisulisuli cha maji. Ripoti ya awali ya wachunguzi wa Uingereza ilizungumzia upepo wa ghafla wa zaidi ya nodi 70, takriban kilomita 130 kwa saa. Upepo huo peke yake ulitosha kuilaza ubavu.

Ukiwa na boti, kwanza tazama kinaelekea wapi, kisha kata njia yake kwa pembe mraba. Usishindane nacho mbio kwenye mstari wake. Kikionekana kusimama palepale huku kikinenepa, huenda kinakujia wewe. Vaeni jaketi okozi, fungeni kila kilicho huru, teremsheni tanga, na mtoe taarifa kwa redio.

Na msikipitie katikati kwa ajili ya video. Aliyeniuliza hilo anajijua.