Maswali yenu: Marcus Aurelius na mzigo wa utawala

Hawa Wastoiko, ambao Kaizari Marcus Aurelius wa Roma aliwafuata, ni akina nani? Mimi nimewaona kwenye Biblia tu.

Ndio wanafalsafa haohao waliohojiana na Paulo kule Athene, Matendo 17. Walifundisha kwamba maamuzi yako ni yako, lakini ugonjwa, kifo na maneno ya watu haviko mikononi mwako.

Kaizari aliyezungukwa na kila kitu, uvumilivu anaujulia wapi?

Hapa watu humwonea sana. Marcus alishika utawala wa Roma mwaka 161. Haukupita muda mto Tiber ukafurika, njaa ikaingia mjini, na Waparthi, watawala wa Uajemi wa kale, wakavamia mashariki. Askari waliokwenda kuwakabili wakarudi na tauni iliyoua watu miaka mingi. Bado hajapumua, makabila ya kaskazini yakavuka mto Danube, naye akahamia kambini. Watoto wake wengi aliwazika wakiwa wadogo.

Daftari alilokuwa akijiandikia kwa Kigiriki lina sehemu iliyotajwa kuwa ni ya Carnuntum, ngome iliyo Austria ya leo. Kwingine katika daftari hilo anajikemea kwa kuona uzito wa kutoka kitandani alfajiri, na anajionya ukaizari usije ukamlevya. Mimi nikiyasoma hayo namwona mtu aliyechoka, anayejisukuma kwenda kazini.

Falsafa yake ilimfaa nini mwananchi?

Vita ilipokausha hazina, inasimuliwa kwamba alinadi vyombo vya dhahabu vya ikulu, hata nguo za hariri za mkewe, ili asiyabebeshe majimbo kodi ya ziada. Mwaka 175 jemadari wake Avidius Cassius alijitangaza kaizari, akauawa na askari wake mwenyewe. Kichwa kilipoletwa, Marcus alikataa kukitazama, akaagiza kizikwe.

Mbona basi alimrithisha Commodus?

Alikuwa mwanawe wa kumzaa. Kumruka, kwa maoni yangu, kungezua vita vya kugombea kiti. Hata hivyo Warumi waliumia, na Commodus aliuawa mwaka 192.

Na watumwa je?

Swali hili ndilo linaloniuma. Mwalimu wa Kistoiko aliyemheshimu kupita kiasi, Epictetus, alikuwa mtumwa kabla ya kuachwa huru. Marcus aliyasoma mafundisho yake, akayanukuu, na utumwa akauacha pale alipoukuta. Tofauti na tauni au mafuriko, sheria za Roma zilikuwa mikononi mwake.