Maswali yenu: Nyumba inachemka, bili nayo inapaa

Msimu wa joto ukianza tu barua zote zinakuwa za kitu kimoja, ndani hakukaliki na bili ya umeme haishikiki. Nimechukua tano, nyingine nimezifupisha maana kuna msomaji kaandika kurasa tatu afu swali lenyewe liko mstari wa mwisho. Sijakasirika, nimecheka tu.

Shikamoo fundi. Nimepanga chumba cha juu kabisa. Mchana naacha madirisha yote wazi hewa iingie ila nikirudi jioni chumba kinawaka, na saa tano usiku ukiugusa ukuta bado una moto wakati nje kumeshapoa. Nakosea wapi? – Mpangaji wa Juu

Marahaba. Dirisha halina kosa, saa ndo unazikosea. Hiyo hewa unayoikaribisha saa saba mchana mara nyingi ina joto kuliko ile iliyolala ndani, na ukuta wa tofali au zege unanyonya joto kutwa nzima bila kusema kitu, usiku ukitaka kulala ndo unaanza kulitema pole pole. Sasa geuza ratiba. Usiku na alfajiri fungua kila kinachofunguka (kwenye grili na nyavu lakini, sitaki barua za mbu wala za wezi), asubuhi jua kabla halijakolea funga, shusha mapazia, nenda zako kazini. Watu wananibishia sana hapa, eti utafungaje dirisha na joto lote hili! Basi usinisikilize mimi, tafuta vipimajoto viwili vya kawaida, kimoja kikae ndani kimoja nje kivulini, ndani kukiwa na joto kuliko nje fungua, nje kukizidi funga, hamna siri nyingine. Na we uko chini ya paa, kwa hiyo kuna siku utakuta hata saa nane mchana ndani kumezidi nje, hasa kama ni bati na dari hamna, siku hiyo fungua tu.

Halafu pazia. Pazia la ndani ni bora kuliko kukosa ila linachelewa, maana jua likishavuka kioo limeshaingia, linalichoma pazia, pazia linapata moto na huo moto tayari ni wako, hautoki tena kirahisi. Kivuli kinatakiwa kiwe nje ya kioo. Turubai, mkeka, neti ya kivuli kama ile ya bustani, mmea unaotambaa, chochote ambacho jua litakikuta kabla halijakuta kioo. Kama uwezo ni wa dirisha moja tu anza na la magharibi, jua la alasiri linakuja limeinama linapita chini ya ukingo wa paa, na linakuja wakati ukuta umeshashiba.

Usiku feni usiielekeze usoni moja kwa moja. Kwa saa ya kwanza iweke dirishani ikitazama NJE, fungua dirisha lingine au mlango upande wa pili. Itasukuma hewa ya moto itoke na ya baridi itaingia yenyewe huku kwingine. Ukitaka kulala ndo uigeuze ikutazame. Na mwenye nyumba akipita kuchukua kodi mwambie kuhusu rangi nyeupe juu ya paa, paa jeupe linarudisha sehemu kubwa ya jua lilikotoka, jeusi linalimeza. Atakwambia ataangalia. Mkumbushe mwezi ujao.

Kaka, mume wangu akiingia tu anashika remoti anaweka AC 16, anasema ndo inapoza haraka. Mi naweka 26 ananiita bahili. Bili nalipa mimi. Tuamulie. – Mama Bili

Mama Bili, nitawaamulia ila usimsomee hii kwa sauti ukiwa umeshika kiuno.

AC za kawaida kompresa (ile mashine ya ndani inayofanya kazi ya kupoza) ina mambo mawili, imewaka au imezima. Nguvu ya kupoza ni ile ile uweke 16 au 26, hiyo 16 kazi yake ni kuiambia isizime. Kwa hiyo chumba kinafika 24 haraka vile vile, watu wanaanza kuvuta mashuka, na yenyewe huko ukutani bado inaikimbiza 16 ambayo mchana wa joto kali huenda isiifikie kabisa. Zile za inveta zinabadilisha kasi, hapo nampa shemeji ka-ukweli kadogo, ila chumba kikiwa kinawaka hata inveta inakimbia kasi yake yote mwanzoni hata ukiweka 25.

Sasa pesa. Yuniti moja ni wati 1000 kwa saa moja. Feni ya wati 60 inazunguka kama saa 16 ndo imalize yuniti. AC ya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha joto inaloliondoa), hizi za chumbani, kompresa ikiwa kazini inavuta kama wati 1000 hivi au inazidi kidogo, yaani hiyo yuniti inaiondoa ndani ya saa moja. Ndo maana mi siku zote nasema weka 26 na uwashe feni ya chini kabisa, upepo unapita kwenye ngozi mtu anahisi kama kumepungua digrii mbili zaidi, na hizo digrii mbili kuzitafuta kwa kompresa ni gharama. Filta nayo muitoe muioshe kila mwezi msimu huu. Ikijaa vumbi hewa haipiti, kompresa inahangaika, mnalipia vumbi.

Na kuna kitu shemeji huenda atakipenda. Angalia kwenye remoti kuna alama ya tone la maji, hiyo ni ya kukausha unyevu. Siku zile za kunata, mwili hauna raha wakati kipimajoto kinasoma 27 tu, tatizo ni unyevu kwa sababu jasho halikauki. Hata AC yenyewe haikuanza kwa ajili ya starehe ya mtu, Willis Carrier aliitengeneza 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji Brooklyn, Marekani, karatasi zilikuwa zinavuta unyevu zinatanuka na rangi hazikai mahali pake. Jaribuni tone la maji na 26 siku kama hiyo, akilalamika tena mpe yeye bili ya mwezi mmoja.

Nimeona watu wanaweka chupa za barafu mbele ya feni wanasema ni AC ya bure. Mdogo wangu yeye anafungua friji anakaa mbele yake. Ni kweli inasaidia? – Mwenye Friji

Mdogo wako mtoe hapo kwanza. Friji haitengenezi baridi, inahamisha joto tu, inalitoa tumboni inalimwaga mgongoni, na umeme wote inaotumia kufanya hivyo nao unageuka joto humo humo chumbani. Ukiacha mlango wazi siku nzima chumba kitaishia kuwa na joto kuliko ulivyokikuta, na kompresa haipumziki.

Barafu ni ndugu yake huyo huyo, maana ameigandisha nani? Joto lililotoka kwenye hayo maji limeshamwagwa jikoni kwako. Na hata tusahau hilo tupige hesabu. Fundi akikwambia AC ya tani moja hasemi uzito wake, anamaanisha hizo BTU 12,000 kwa saa, ni hesabu ya zamani ya kiasi cha joto kinachoyeyusha tani moja ya barafu ndani ya saa 24. We una chupa mbili za lita moja. Zikiyeyuka zote mpaka maji yakawa vuguvugu zimefanya kazi ambayo hiyo AC inafanya kwa dakika kama nne. Usoni utasikia raha sikatai, ila chumba hakina habari.

Bibi alikuwa anatundika shuka lililoloweshwa dirishani na kulikuwa kunapoa kweli. Mi nimejaribu nimezidi kutota. – Mjukuu

Bibi hakukosea, itakuwa hewa ya alikokuwa anaishi ilikuwa kavu. Maji yakikauka yanachukua joto kwenye hewa, ndo ujanja wote. Hewa ikiwa imeshashiba unyevu maji hayakauki, shuka linaning'inia tu na wewe unaongeza unyevu ndani. Kipimo rahisi, nguo ulizoanika ndani usiku, asubuhi zimekauka kabisa? Loweka shuka. Bado mbichi? Liache kitandani.

Naacha pangaboi inazunguka nikitoka ili nikirudi nikute kumepoa. Mwenzangu anasema ni upuuzi. – Wa Pangaboi

Mwenzako kashinda. Feni haipozi hewa, inapoza ngozi yenye jasho, na kama hamna ngozi humo ndani inachofanya ni kuongeza kajoto kadogo ka mota na ka yuniti juu yake. Zima. Ndani kukipanda kuzidi 35 hivi ule upepo wenyewe unakuwa wa moto, hapo loweka kitambaa ujipanguse mikono na shingo ndo ukae mbele ya feni, unywe maji, ila mzee au kichanga usimwachie feni peke yake siku kama hiyo, mpeleke mahali penye ubaridi hata kwa saa chache.

Na kama bado una zile balbu za zamani za waya, zaidi ya asilimia 90 ya umeme wake ni joto, umetundika majiko madogo darini. Weka LED. Ukishapanda kwenye kiti kubadilisha balbu, futa na mapanga ya hiyo pangaboi, najua juu yake kukoje.