Re: Kwa nini jibu la "HIJKLMNO" ni WATER?

Mkuu, jibu ulilolikuta kwa kidokezo hicho cha "cryptic crossword" (fumbo la maneno la Kiingereza ambalo vidokezo vyake huficha jibu kwa mchezo wa maneno) ni sahihi. Hizo ni herufi kuanzia H hadi O. Mwingereza akitamka "H to O", sikio linasikia H2O, yaani maji.

Kwa kawaida kidokezo huwa na sehemu mbili: maana ya jibu, mwanzoni au mwishoni, na mchezo wa herufi katika maneno yaliyobaki. Hiki kimezichanganya zote mbili, ndiyo maana kilikusumbua.

Kinachotukwamisha wengi ni mambo ya Waingereza wenyewe, hasa kriketi. Ukiona "duck" (bata) kwenye kidokezo, fikiria herufi O, yaani sifuri, kwa sababu mchezaji aliyetolewa bila alama husemwa amepata bata. "Flower" mara nyingi si ua, ni "flow-er", kitu kinachotiririka ("flow"), yaani mto. Kariri mito yenye majina mafupi kama Dee na Exe. "Sailor" (baharia) husimama badala ya herufi AB au TAR, vifupi na majina ya utani ya baharia kwa Kiingereza.

Na watunzi walijua wanatesa! Edward Powys Mathers na Derrick Macnutt wa gazeti la The Observer walijiita Torquemada na Ximenes, majina ya wakuu wa mahakama ya kidini ya Hispania.

Anza na fumbo la Jumatatu la The Guardian, gazeti la Uingereza, kwa kawaida ndilo jepesi.