Elimu bure imeanza mara ngapi?

SWALI: Shikamoo mhariri. Kwetu kuna ubishi hauishi, babu anasema enzi za Mwalimu shule ilikuwa bure, mama anasema si kweli yeye kasoma miaka ya 90 na alirudishwa nyumbani kisa hela ya UPE, mdogo wangu wa form two yeye anajua elimu bure kaleta Magufuli. Nani mkweli? Na mdogo wangu akikosa hela ya mlinzi wanaweza kumrudisha? Msomaji, Singida.

JIBU: Marahaba. Wote wana ukweli, ila mdogo wako ana nusu.

Ada ya msingi ilifutwa kweli 1973, mwaka uliofuata TANU ikakaa Musoma ikaazimia mpaka 1977 kila mtoto awe anapata nafasi darasa la kwanza, ndo mpango wa UPE huo, yaani elimu ya msingi kwa wote, sheria ya 1978 ikaja kufanya iwe lazima, yaani ukimficha mtoto achunge ng'ombe una kesi. Shida ikawa walimu, ikabidi wachukuliwe vijana waliomaliza darasa la saba wajifunze ualimu hukohuko kazini, ndo hao walimu wa UPE mnaowataniaga mpaka leo, utani ambao mi siupendi maana bila wao madarasa kibao yangekuwa na watoto na ubao tu.

Sasa mama. Vita ya Kagera ilikula hela, mafuta yakapanda, na masharti ya IMF yakaja juu yake, kufika katikati ya miaka ya 80 wazazi wakaanza kuchangishwa tena. Ndo hiyo hela ya UPE. Mkapa akaifuta 2001, ukaja MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, na ndani ya miaka kama mitano wanafunzi wa msingi wakatoka milioni 4 na ushee wakafika milioni 7 na ushee, madawati hayakutosha hata kidogo watoto wakakaa chini.

Kwahiyo kilichokuwa kipya 2016 ni sekondari, zile 20,000 za kutwa na 70,000 za bweni zikaondoka mpaka form four. Form five na six zikafuata 2022. Ila ukiniuliza mimi, kubwa kuliko zote hizo ni ya Novemba 2021, binti aliyejifungua kuruhusiwa kurudi shule ya serikali, maana ada kufutwa kulimsaidia nini binti aliyeshafukuzwa?

Hela ya mlinzi: hapana, hawaruhusiwi kumrudisha. Januari 2018 Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima, akasema anayetaka kuchangia apeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri sio kwa mwalimu. Sare na madaftari bado ni juu ya mzazi, hayo msigombane na shule. Akirudishwa kisa mlinzi, mama aanze kwa mkuu wa shule, asiposikilizwa aende kwa afisa elimu kata.