Muulize Mjomba: Wanyama wa ghorofa ya sita

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mimi ni mpangaji Pipeline, Nairobi, ghorofa ya sita. Binti yangu ana miaka 9. Shuleni wameagizwa kila mtoto alete kazi kuhusu wanyamapori, mzazi asaidie. Mwanangu amechora simba, ndovu na twiga, wote kawatoa kwenye katuni za simu. Hajawahi kumwona hata mmoja, na mwezi huu mfuko wangu haufiki kwenye kiingilio cha mbuga. Mke wangu anasema simu ndiyo iliyomtenga mtoto na viumbe. Mimi naona huenda simu hiyohiyo ikatusaidia. Yupi kati yetu anasema kweli? – Baba Binti, Pipeline

JIBU: Marahaba, mpwa wangu. Mkeo kasema kweli, nawe hujakosea sana. Ila simu haitafanya kazi mkiwa mmekaa kwenye kochi.

Kwanza mwacheni simba apumzike. Kesho saa kumi na mbili asubuhi panda na mtoto hadi juu kwenye kamba za nguo, mkae kimya. Yule anayepita akipiga kelele “haa! haa-haa!” na kuamsha ploti nzima ni kwarara. Mdomo wake umepinda kama mundu, na jua likimpiga begani anang’aa kijani. Kila siku anapita juu ya nguo zenu, naapa mwanao hajui jina lake. Mrekodini kwa simu.

Sasa programu ya simu ya kutambua viumbe. Mimi natumia iNaturalist, iliyoanza mwaka 2008 kama kazi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Unaweka picha au sauti; kwa picha yenyewe inakisia jina, kisha watu wenye ujuzi wanakubali au wanakukatalia. Kukataliwa ndiko kunakofundisha. Mwaka juzi nilimpiga picha ndege mkubwa akizungukazunguka juu ya soko la Gikomba, nikaandika kwa majivuno: kozi. Haukupita muda, mtu nisiyemjua akaniandikia, “Mzee, tazama mkia.” Nikatazama. Mkia umepasuka katikati kama wa samaki: mwewe! Miaka arobaini naishi mjini hapa, kila siku mwewe yuko juu ya kichwa changu, na mkia wake nilikuwa sijawahi kuuangalia.

Akaunti ifungue kwa jina lako, si la mtoto, na uchague mahali palipopigwa picha pafichwe, maana hapo ni nyumbani kwenu. Kwa wanyama walio hatarini kutoweka programu yenyewe huficha mahali, kwa sababu majangili nao wana simu.

Kazi ya shule basi iwe hivi: binti achore jengo lenu, ghorofa kwa ghorofa, na kila ghorofa na wakazi wake. Mjusi kafiri kwenye taa ya ngazi. Buibui wa chooni, nyuki kwenye sukuma wiki iliyopandwa ndooni, mbayuwayu wakiwepo chini ya paa, popo jioni. Kila mkazi awe na picha, tarehe na saa. Mwalimu akiuliza ndovu yuko wapi, mwambie ndovu hana kodi ya kulipia Pipeline.

Akimng’ang’ania simba, msimulie ya mvulana Richard Turere, hadithi ninayoipenda kwa kuwa mimi mwenyewe ni fundi redio mstaafu. Mbuga ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, ina ukubwa wa kilomita za mraba 117 na upande wa kusini haina uzio. Kule Kitengela, kusini mwa mbuga hiyo, simba walivuka usiku wakala ng’ombe wa kwao Richard. Mtoto akawasha moto. Moto ukawasaidia simba kuona ndani ya zizi. Akasimamisha sanamu ya mtu. Siku ya kwanza wakarudi nyuma, ya pili wakajua haitembei. Usiku mmoja akazunguka zizi na tochi, na simba hawakuja. Kumbe wanaogopa mwanga unaosogea! Akiwa na miaka 11 hivi akaunganisha betri kuukuu ya gari, paneli ya sola, taa za tochi mbovu na kisanduku cha indiketa ya pikipiki. Taa zikawa zinawaka na kuzimika kwa zamu, kana kwamba mtu anatembea. Simba akabaki na uhai wake, maana asiyekula ng’ombe hachomwi mkuki. Mwaka 2013 Richard alisimama kwenye mkutano wa hotuba wa TED, California, akayaeleza. Indiketa ya pikipiki, mpwa wangu! Zile ambazo mimi nilikuwa nazitupa.

Shule zikifungwa, Jumatano asubuhi watu wa Nature Kenya, chama cha wapenda viumbe na mazingira, hukutana pale Makumbusho ya Taifa kwenda kutazama ndege. Mpeleke.

SWALI: Mjomba, ofisi yetu iko Upanga, Dar es Salaam, ina vioo vitupu. Kila wiki tunaokota ndege waliojigonga. Tumebandika picha kubwa ya mwewe, wapi! – Mhasibu

JIBU: Pole. Nami nilibandika wa kwangu, na chiriku akaja kugonga sentimita chache kutoka kwenye bawa lake. Mwewe asiyesogea hamtishi mtu. Ndege anaona taswira ya mwarobaini kwenye kioo, anadhani ni mti, anaufuata. Kwa hiyo ivunjeni taswira hiyo: wekeni nukta au mistari kioo kizima, nafasi kati yake isizidi sentimita 5, na iwe upande wa nje, kwa kuwa taswira inarudishwa na uso wa nje. Pazia la ndani halisaidii. Kabla ya kumwomba bosi fedha za stika, chukueni kipande cha sabuni mchore nukta kwenye dirisha moja, mlinganishe na la jirani.

Kwetu Diani, pwani ya Kenya, walifanya akili ya namna hiyo. Mbega waligongwa na magari, basi watu wakalaza ngazi za kamba juu ya barabara, mti hadi mti, mnyama akapita angani kama alivyozoea. Hakuna aliyemfundisha mbega alama za barabarani.

Mkiokota aliye hai, mtieni kwenye boksi la viatu lenye matundu, giza na kimya. Msimmiminie maji mdomoni. Baada ya saa moja tokeni nalo nje, mbali na vioo, mfungue kifuniko.